Kuagiza chombo cha kuvulia Bagamoyo: ngalawa kwanza, faiba baadaye

Kabla ya kuuliza bei, jiulize chombo kitalala wapi maji yakitoka. Pwani ya Bagamoyo ni mchanga na kina kidogo. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, hivyo chombo hukaa kikavu kwa saa nyingi. Ukitoka nje unakutana na mkondo ulio kati ya bara na Unguja. Kusi, upepo wa kusini, ikivuma dhidi ya maji yanayokwenda, mawimbi yanakuwa mafupi na makali. Chombo kizuri hapa ni kile kinachovumilia kulala mchangani na kinachovumilia mawimbi hayo. Kwa kipimo hicho tumevipanga vinne.

1. Ngalawa, futi 18 hadi 22

Kwa wavuvi wawili au watatu wa mshipi, wavu mwepesi au dema (mitego ya samaki) chache, hakuna kinachoishinda. Haizami sana majini, haiyumbi ovyo, haidai mafuta, na ikilala mchangani haidhuriki.

Nenda ukaone gogo kabla tezo, chombo cha fundi cha kuchongea, haijaligusa. Mwembe ndio unaotumika sana. Liwe limenyooka, lisilo na uvundo kwenye vifundo. Moyo wa mti lazima uchongwe wote utoke. Ukibaki kwenye sakafu au ubavuni, ufa utaanzia hapo hapo mbao zikianza kukauka. Gogo lililochongwa likae kivulini, lifunikwe makuti, na ncha zote mbili zipakwe mafuta kwa sababu ncha hukauka haraka kuliko katikati. Fundi anayeacha kazi juani ili amalize upesi anakuuzia nyufa.

Uliza unene. Sakafu iwe kama inchi 2, mbavu inchi 1. Fundi makini hutoboa tundu jembamba kwa keekee (chombo cha kutobolea), akapima kwa kijiti, kisha akaziba kwa kigingi cha mti mgumu. Mwombe apime mbele yako, hasa pale ubavu unapokutana na sakafu. Hapo ndipo tezo hupitiliza.

Mirengu, ile miti inayokatiza chombo na kushika mbao za pembeni zinazokizuia kupinduka, ifungwe kwa kamba, si kwa misumari. Wimbi linapokipinda chombo, kamba hulegea kidogo na kurudi, lakini msumari hupasua mti. Zile mbao za pembeni zikae mshazari, ncha ya mbele imeinuka kidogo. Ncha ikiinama, ubao wa upande wa chini ya upepo utachota maji na kukivuta chombo kigeuke. Chombo kikiwa kimetulia bila mzigo, mbao hizo ziguse maji kwa shida tu. Zikizama, utakuwa unavuta uzito usiohitajika siku nzima.

Sasa mwambie fundi unavyovua. Anayependa kubana upepo (kwenda karibu na unakotoka) na kukimbia aombe mirengu mirefu. Mvuvi wa nyavu aombe mifupi kidogo, na nafasi pana kati ya mrengu wa mbele na wa nyuma, kwa kuwa mrengu mrefu hunasa wavu wakati wa kuuvuta. Agiza matanga mawili: kubwa la upepo mwanana, dogo la kusi. Tanga la pembe tatu halipunguziki kirahisi baharini, na mwenye tanga moja kubwa hulazimika kubaki pwani siku ambazo wenzake wanavua. Turubai la plastiki ni rahisi lakini jua hulimaliza upesi. Kitambaa cha pamba hudumu ukikikausha kabla ya kukikunja.

2. Mashua ya mbao, futi 24 hadi 28

Hii ni ya mabaharia watano na kuendelea, nyavu nyingi na sanduku la barafu. Ipo ya pili kwa sababu ya matunzo yake, na kwa kuwa chombo chenye mkuku, ule mti mrefu wa chini kabisa, kikikauka hulalia ubavu. Mwombe fundi mkuku mpana, na chini yake ubao wa akiba unaoweza kubadilishwa ukiisha kwa kusuguana na mchanga.

Kagua mataruma, yaani mbavu za ndani za chombo, kuliko kitu kingine. Taruma lililopinda litoke kwenye tawi lililopinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo. Taruma lililokatwa kwa msumeno kutoka ubao ulionyooka huvunjika kwenye mpindo, na halionyeshi dalili mpaka siku ya mawimbi. Ukiambiwa ni mti wa mkoko, omba kibali chake.

Misumari iwe yenye zinki, itanguliwe na tundu la keekee, na pamba izungushwe chini ya kichwa. Msumari mtupu ukila kutu, mbao inayouzunguka hulainika na maji hupita. Kalafati, ya kuziba nafasi kati ya mbao, ni pamba iliyoloweshwa mafuta, kisha deheni (mafuta mazito ya kupaka chombo) chini yote, na irudiwe kila chombo kinapopandishwa, la sivyo mdudu wa bahari atatoboa.

Kama utafunga mashine, ijue kabla tezi, sehemu ya nyuma ya chombo, haijachongwa. Mashine ya mguu mfupi inataka ubao wa tezi wenye urefu wa inchi 15, mrefu inchi 20. Ukikosea, rafadha itavuta hewa au mashine itazama mno.

3. Boti ya faiba

Haiozi, haitobolewi na mdudu, haihitaji kalafati. Lakini hutegemea mashine na mafuta, na mchanga huisugua tumbo. Igonge kotekote kwa sarafu: sauti nzito ghafla maana yake resini haikushika. Hakikisha viti vina povu ndani ili boti isizame ikijaa maji. Kwa aliye Tanga, ndani ya ghuba yenye kina na kinga, tungeipandisha nafasi ya pili.

4. Mtumbwi mtupu, usio na mirengu

Ni kwa mlango wa mto Ruvu, mikokoni na maji ya kiunoni, kwa kafi na upondo. Usiutoe nje wakati wa kusi.

Malipo na kupokea

Lipa kwa awamu tatu: gogo au mbao zikifika, mwili ukikamilika, na baada ya jaribio. Andikianeni urefu, unene, aina ya mti na misumari. Kwa mashua, jaza maji ndani ikiwa bado nchi kavu na utie alama kila panapovuja. Mbao mpya huvuja siku chache mpaka zivimbe. Panapoendelea kuvuja baada ya wiki pana kosa la kalafati, na fundi arudie kabla hujamaliza deni. Leseni ya uvuvi ya chombo kidogo fuatilia halmashauri, na usajili na ukaguzi wa usalama TASAC (Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania), mapema, chombo kikiwa bado kwa fundi.