Mbao za kununua kwa karakana ya nyumbani Kisumu: ipi kwanza, ipi mwisho

Seremala wa kujifurahisha mjini Kisumu hufanyia kazi yake kwenye varanda, chumba cha nje au chini ya mwembe. Ana msumeno wa mkono, randa moja, patasi mbili tatu na drili, na jirani amelala ng'ambo ya ukuta. Huyo ndiye ninayemwandikia. Fundi wa soko la Kibuye anayeunda vitanda na sofa za kuuza angepanga orodha hii kwa namna nyingine. Yeye akihitaji mashine ya randa anaipata hapo hapo karibu, na ubao ukimpindia anauingiza ndani ya kiti, kitambaa kikaufunika. Wewe uso wa meza ukikupindia, umeula wa chuya.

Kwa hiyo nimepanga mbao kwa kuuliza mambo matatu: inakatika kwa mkono bila mateso? Itatulia ikishafika ndani ya nyumba? Utaifikishaje nyumbani? Uzuri wa rangi nimeuweka nyuma kabisa.

Kwanza ukavu, jina la mti baadaye

Mbao nyingi za bei ya kawaida huuzwa zikiwa mbichi au nusu kavu. Muuzaji atakwambia, "Imekauka kabisa, bosi," naye pengine anamaanisha haichuruziki maji. Ubao unapopoteza maji hupungua sana kwa upana na kidogo mno kwa urefu, tena pande zake hazipungui sawasawa. Hapo ndipo kona zinapoinuka na viungo kuachana.

Ukiwa yadini, inua mbao mbili za aina moja na kipimo kimoja. Iliyo nyepesi ndiyo kavu zaidi. Kisha tazama ncha. Ukiona jicho la mti, yaani kiini chenyewe, limebaki ndani ya ubao, uache hapo hapo hata ukipunguziwa bei, maana utapasukia palepale. Mwisho usawazishe ubao na jicho lako, kama anayelenga shabaha, uone kama umejipinda mithili ya parapela.

Nyumbani unaweza kupata jibu la uhakika kwa mizani ya jikoni. Kata kipande chembamba kutoka katikati ya ubao, usikate nchani kwa sababu ncha hutangulia kukauka. Kipime, kikaushe kwenye ovena kwa nyuzi 100 hivi, na uendelee kukipima kila baada ya saa moja hadi uzito ukome kushuka. Kikianza na gramu 130 kikaishia 100, ubao ulikuwa na maji asilimia 30. Kwa kabati au meza ya ndani, tafuta asilimia 12 hadi 15.

Ukiwa na ubao mbichi, upange kivulini juu ya vijiti vya unene mmoja, kijiti kila futi moja na nusu, na upake ncha zake rangi yoyote kuukuu ili zisipasuke. Juu weka mawe. Ubao wa saipresi wa inchi 1 utahitaji miezi kadhaa, na mvua za Machi hadi Mei hazitakuharakishia kitu. Jambo jingine ambalo wengi hulisahau: unyevu wa hewa haulingani kila mahali. Droo iliyoundwa penye hewa kavu ikiteleza vizuri inaweza kubana ikikaa penye unyevu, basi iachie nafasi kidogo.

1. Saipresi

Chaguo la kwanza, na sioni ushindani. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, lakini imepandwa nchini kwa miaka mingi kiasi kwamba kila yadi inayo. Inakatika kwa msumeno wa mkono, haimalizi makali ya patasi, inashika gundi nyeupe vizuri na harufu yake inafanya kazi iwe tamu.

Adui ni vifundo. Kifundo kilichobana, chenye rangi ya kahawia na kilichoshikamana na nyuzi pande zote, hakina neno. Kile cheusi chenye duara la gome kuzunguka kitadondoka siku moja kikuachie tundu. Pitisha randa kuelekea kifundo ukiwa umepunguza kina cha ulimi, la sivyo nyuzi zitang'oka.

Nunua 6x1 au 8x1 (upana kwa unene, kwa inchi), si 12x1. Ubao mpana unavutia kwa sababu unaokoa kuunganisha, lakini ndio unaopinda zaidi. Mbao mbili nyembamba zilizogundishwa ubavu kwa ubavu hutulia. Kumbuka pia kwamba inchi 1 ya yadini si inchi 1 ya mezani: ukishapiga randa pande zote mbili utabaki na milimita 20 hivi.

Paini ni binamu yake, nyepesi na laini, ila ina utomvu unaoziba msasa. Ukiikosa saipresi, ichukue.

2. Plaiwudi

Wapenda mbao halisi watanuna, lakini kwa mwenye nafasi ndogo plaiwudi ni rafiki. Tabaka zake zimelazwa zikikatana, ndiyo maana haipindi ovyo. Tatizo ni ukubwa: shiti ni futi 8 kwa 4, haiingii kwenye tuktuk, na kuikata peke yako varandani ni kama kumvua kambare kwa mikono. Nenda dukani na orodha ya vipimo, wakukatie huko kwa mashine, urudi na vipande. Milimita 18 kwa rafu, 6 kwa mgongo wa kabati. Kagua ukingo: ukiona mianya kati ya tabaka, omba shiti nyingine. Blokibodi, yaani shiti yenye vipande vya mbao katikati, inafaa kwa milango ya kabati, lakini iweke mbali na sinki.

3. Grevilea

Mti huu wa kutoka mashariki mwa Australia umejaa mipakani mwa mashamba yetu. Ulizidi kuonekana sokoni baada ya Serikali kusimamisha ukataji katika misitu ya umma Februari 2018, wanunuzi wakageukia miti ya wakulima. Rais Ruto alitangaza kuondoa marufuku hiyo Julai 2023 akiwa Molo, lakini grevilea haikuondoka yadini, na mimi nashukuru. Ukiipiga randa na vanishi, madoa yake yanayometa yanashinda mbao za bei ghali.

Mbona basi iko ya tatu? Nyingi hupasuliwa shambani kwa msumeno wa petroli. Ncha moja inchi 1, ncha nyingine inchi na robo, nawe huna mashine ya kusawazisha. Beba rula, upime ncha zote mbili na katikati. Vumbi lake huwasha ngozi za baadhi ya watu, kwa hiyo vaa barakoa na mikono mirefu.

4. Paleti kuukuu

Haya ni majukwaa ya mbao ya kupakilia mizigo: ni kavu, ni rahisi, na kipande kinafungwa nyuma ya bodaboda. Tafuta muhuri: HT ina maana ilipashwa moto hadi kiini kikafika nyuzi 56 kwa dakika 30. MB ina maana ilifukizwa kwa methili bromidi, sumu ya kuua wadudu, hiyo usiiguse. Isiyo na muhuri na ina madoa ya mafuta, iache pia. Ng'oa misumari yote kabla msumeno haujakutana nayo.

5. Mvule na mahogani

Nyingi huingia kupitia Busia na Malaba. Ni mbao za heshima, na mvule mchwa hawauwezi kirahisi. Ila ndani ya mvule hukaa vijiwe vya chokaa vinavyong'oa makali ya msumeno kwa pigo moja, na vumbi lake linachoma pua. Nunua kipande kidogo kwa ajili ya uso wa meza au kisanduku, si kwa mradi mzima. Dai risiti na uulize kibali cha kusafirisha. Mahogani ya Afrika imo kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa kimataifa tangu mkutano wa 2022 wa CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini.

6. MDF

Ni nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi. Uso laini, unapendeza kupaka rangi, basi. Vumbi lake ni jembamba mno kwa chumba kisicho na feni ya kulitoa, skrubu ubavuni huipasua, na maji ya kupiga deki yakiigusa inavimba na hairudi.

7. Mkalitusi

Unapasuka na kujisokota ukikauka, na ukishakauka msumari hauingii bila kutobolewa njia. Uache uwe nguzo. Miguu ya benchi la kufanyia kazi, hiyo sawa: chukua 4x2, utoboe kwanza, ufunge kwa bolti badala ya misumari, na ukaze bolti hizo upya kila unapoona benchi limeanza kuyumba.