F-16 au Black Hawk: Uhakiki kwa Anayetaka Kuwa Rubani wa Kijeshi

Ndege mbili zinazohakikiwa hapa ni za rika moja. Ndege ya kivita ya F-16 na helikopta ya UH-60 Black Hawk zote ziliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974, zote zikaingia kazini katika majeshi ya Marekani mwaka 1979, na tangu Lockheed Martin, inayounda F-16, ilipoinunua Sikorsky, inayounda Black Hawk, mwaka 2015, zote mbili zinatoka katika kampuni moja. Mwenye kuzilinganisha, basi, hana haja ya kuhangaika na tofauti ya zama. Kinachobaki ni tofauti ya kazi yenyewe. Wahakiki wengi huzipima kwa kasi na silaha. Mimi nazipima kama mahali pa kazi, kwa kumfikiria kijana ambaye akichagua moja huenda akakaa nayo miaka 20, na hukumu yangu naiweka wazi mapema: katika F-16 kurusha ndege ni sehemu nyepesi ya kazi, ilhali katika Black Hawk kurusha ndege ndiyo kazi.

Katika F-16 rubani hukaa peke yake kwenye kiti kilicholazwa nyuma kwa nyuzi 30, akiwa chini ya kioo cha kipande kimoja kisicho na fremu mbele ya macho, na mkono wake wa kulia hushika kijiti kifupi kilichowekwa ubavuni badala ya katikati ya miguu. Kijiti hicho hakivuti waya wala chuma chochote. Hupima nguvu ya mkono na kuipelekea kompyuta, nayo kompyuta ndiyo inayoamua mabawa na mkia vijigeuze kiasi gani. Ndege yenyewe ilisanifiwa makusudi ikose utulivu ili igeuke upesi, na bila kompyuta hizo hakuna binadamu ambaye angeweza kuidhibiti. Januari 20, 1974, ndege ya majaribio ilipokuwa inakimbizwa ardhini tu, ilianza kuyumba ubavu kwa ubavu kwa sababu mfumo huo uliitikia mkono kwa wepesi uliopita kiasi, hata rubani Phil Oestricher akaona usalama uko angani kuliko ardhini; akapaa, akaruka dakika 6 hivi, akatua. Safari iliyopangwa kuwa ya kwanza ilifanyika Februari 2.

Kasoro hiyo ilirekebishwa zamani, na ndege iliyopatikana hurushwa kwa urahisi wa kushangaza. Hapo ndipo waombaji wengi wanapoielewa vibaya. Urahisi huo haukuwekwa ili rubani astarehe, bali ili akili yake iwe huru kushughulikia rada, makombora, redio, mafuta yanayopungua, na wenzake walio kilomita kadhaa kando yake ambao sharti ajue walipo muda wote. Safari ya mazoezi ya saa moja na nusu hutanguliwa na saa nyingi za kupanga, kisha hufuatwa na kikao cha tathmini ambacho mara nyingi huwa kirefu kuliko safari yenyewe, kila uamuzi ukipitiwa upya na cheo cha mtu kisimkinge na kukosolewa. Mtu asiyependa kusoma, kuchambua na kusahihishwa mbele ya wenzake ataichoka kazi hii hata kama anaipenda anga kwa moyo wote.

Mwili nao hugharimika. F-16 iliundwa kuhimili mizunguko inayouzidisha uzito wa kila kitu mara 9, kwa hiyo kichwa na kofia vyenye kilo 6 kwa pamoja huwa kilo 54 juu ya shingo ileile, na mara nyingi shingo hiyo imegeuzwa nyuma kumtafuta adui. Damu hukihama kichwa na kuteremkia miguuni. Rubani hukaza mapaja na tumbo na kupumua kwa mikupuo mifupi, akisaidiwa na vazi linalojaa hewa na kuibana miguu, na akichelewa huzimia. Kwa haki, lazima niusifu mfumo wa kuzuia kugonga ardhi ambao Jeshi la Anga la Marekani lilianza kuufunga katika F-16 mwaka 2014: ndege inayoelekea ardhini bila rubani kuchukua hatua hujinyoosha na kupaa yenyewe, na wapo marubani waliozimia ambao leo wako hai kwa sababu yake. Sijui kifaa kingine katika ndege hii kinachostahili sifa kuliko hicho, pamoja na kwamba ndicho kisichoonekana kwenye maonyesho ya anga.

Katika Black Hawk hakuna kiungo kinachopumzika. Mkono wa kushoto hushika wenzo unaobadili pembe ya mapangaboi yote 4 kwa pamoja, na hivyo kuiinua au kuishusha helikopta. Mkono wa kulia huliinamisha duara zima la mapangaboi ili helikopta iende mbele, nyuma au kando, huku miguu ikiongoza mapangaboi ya mkiani yanayouzuia mwili wake usizunguke. Kimoja kikiguswa, viwili vingine hudai marekebisho. Vipo vifaa vya kusaidia utulivu, lakini kutua usiku penye vumbi kumebaki kuwa kazi ya mikono, kwa sababu upepo wa mapangaboi hulitimua vumbi hadi ardhi ikapotea machoni katika mita chache za mwisho, pale hasa rubani anapoihitaji. Miwani ya kuonea usiku hailipenyi vumbi hilo. Ndipo fundi wa ndege, anayechungulia mlangoni, humtajia rubani umbali uliobaki na upande anaoelekea, na rubani hutua kwa kuitegemea sauti ya mwenzake.

Hilo la sauti ya mwenzake, kwangu, ndilo linaloitofautisha kazi hii na ile nyingine kuliko hata kasi. Black Hawk huongozwa na marubani 2 wanaogawana kazi, mafundi wakiwa nyuma yao, na nyuma ya hao kuna nafasi ya askari 11 wenye zana zao. Kosa la rubani si lake peke yake, na sifa pia si yake peke yake. Wapo watu wanaonawiri katika mazingira hayo, na wapo wanaoyaona ni kero tupu. Afadhali mtu ajijue kabla ya kuapa.

Kasi yake ni takriban kilomita 280 kwa saa, nayo haiwezi kuongezwa sana, kwa kuwa pangaboi linalorudi nyuma hukutana na upepo mdogo kadiri helikopta inavyokimbia, hadi likashindwa kubeba sehemu yake ya mzigo. F-16 hupita kilomita 2,000 kwa saa ikiwa juu. Tofauti hii ni kubwa kwa tarakimu kuliko kwa uzoefu wa rubani: aliye mita 12,000 haioni ardhi ikikimbia, ilhali anayepita juu ya miti kwa mwendo wa Black Hawk huiona vizuri mno.

Kuhusu usalama, helikopta hii haina kiti cha kumrusha rubani nje. Kamov Ka-52 ya Urusi inacho, lakini ni lazima kwanza mapangaboi yafyatuliwe yaondoke. Katika Black Hawk, injini zote mbili zikizima, rubani hushusha wenzo wa kushoto mara moja ili hewa inayopanda iendelee kuyazungusha mapangaboi, kisha karibu na ardhi huitumia nguvu hiyo iliyohifadhiwa kupunguza mshindo. Viti na magurudumu vimeundwa kuumeza mshindo unaobaki. Hatari kubwa zaidi ziko kwenye giza, nyaya za umeme, vumbi, na msongamano wa anga ya chini. Januari 29, 2025, karibu na uwanja wa ndege wa Reagan, Washington, Black Hawk ya Jeshi la Nchi Kavu iligongana na ndege ya abiria iliyokuwa ikitua, na watu wote 67 wakafa. Kwa afya ya kila siku, rubani wa helikopta husumbuliwa zaidi na mgongo, kutokana na mtetemo na mkao wa kujikunja, pamoja na shingo inayobeba miwani ya usiku.

Anayeidharau helikopta kwa kuwa haina mvuto wa jeti akumbuke yaliyomkuta Scott O'Grady, rubani wa F-16 aliyetunguliwa juu ya Bosnia Juni 2, 1995. Alijificha porini hadi Juni 8, na waliokwenda kumtoa walifika kwa helikopta.

Masharti ya kuingia yanatofautiana kuliko watu wanavyodhani. Jeshi la Anga la Marekani humtaka rubani awe ofisa mwenye shahada, ilhali Jeshi la Nchi Kavu humpokea hata aliyemaliza sekondari tu, likamfundisha huko Alabama na kumfanya afisa mteule, cheo ambacho humwacha akiruka miaka mingi wakati maofisa wenzake wakihamishiwa mezani. Pande zote mbili hudai miaka 10 ya utumishi baada ya kuhitimu urubani. Akitoka jeshini, rubani wa jeti huingia kwenye mashirika ya ndege kwa urahisi zaidi, maana wa helikopta hulazimika kuongeza saa za ndege za mabawa kabla ya kupata leseni ya urubani wa mashirika hayo. Ila ajira za uokoaji, za kubeba wagonjwa na za kuzima moto humfaa moja kwa moja.

Kama ningeulizwa na mtu asiye na uhakika, ningemwelekeza kwenye Black Hawk bila kusita sana, kwa kuwa kinachowavuta wengi kwenye urubani ni mikono na macho, na hivyo ndivyo helikopta inavyovitumia kila dakika. F-16 ningemwachia anayefurahia fumbo la mbinu kiasi kwamba ndege kwake ni chombo tu cha kulifumbulia. Hata hivyo huyo atambue kwamba katika Jeshi la Anga orodha ya mapendekezo ni maombi tu: mahitaji ya jeshi na alama za mafunzo ndivyo vinavyoamua, na aliyetamani F-16 anaweza kupangiwa ndege ya mizigo au ya kujaza mafuta wenzake angani. Asiyetaka kubahatisha aelekee kwenye vikosi vya akiba vya majimbo, ambavyo humchagua mwombaji kabla hajaanza mafunzo, kwa ajili ya ndege ileile ambayo kikosi kinaimiliki.