Jedwali la pointi 100 za Wilt Chamberlain ndani ya Basketball-Reference: linabeba nini, linakwamia wapi

Tovuti ya takwimu za kikapu hupimwa kwa mchezo wa zamani. Za jana usiku kila mtu anazo. Mchezo unaofaa kwa kipimo hiki ni wa NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, wa Machi 2, 1962, mjini Hershey, Pennsylvania: Philadelphia Warriors 169, New York Knicks 147, na Wilt Chamberlain, senta wa Warriors, peke yake pointi 100. Watazamaji walikuwa 4,124, televisheni haikuwepo, na picha za video hazipo hadi leo. Kilichobaki ni sauti ya redio ya robo ya nne, na jedwali lililojazwa kwa mkono pembeni mwa uwanja.

Kuusoma ukurasa wa mchezo huo kwenye Basketball-Reference ni bure na hakuhitaji kujisajili. Wengi hukwama kwenye kuutafuta. Tovuti huita msimu kwa mwaka unaomalizikia, kwa hiyo 1961-62 umewekwa chini ya 1962. Halafu Warriors walihamia San Francisco mwaka huohuo wa 1962, na historia yao yote sasa imo chini ya Golden State, jina lao la sasa. Njia ya mkato ni kuingia ukurasa wa Chamberlain, kuchagua msimu huo, kisha kubonyeza tarehe ya mchezo.

Jedwali lenyewe ni safi. Kila mchezaji ana mstari wake: dakika (MP), mitupo iliyoingia na iliyojaribiwa (FG, FGA), mitupo huru ya pointi 1 baada ya faulo (FT, FTA), ribaundi (mpira uliodakwa baada ya mtupo kukosa), asisti (pasi iliyozaa kikapu), faulo na pointi. Mstari wa Chamberlain unasema dakika 48, mitupo 36 kati ya 63, mitupo huru 28 kati ya 32, ribaundi 25, asisti 2. Hiyo 28 kati ya 32 inastahili kuangaliwa mara mbili, maana ni asilimia 87.5 kutoka kwa mtu ambaye msimu ule wote alikuwa akipata asilimia 61 hivi.

Je, hesabu inafunga? Anza na dakika. Mchezo usio na muda wa nyongeza ni watu 5 mara dakika 48, yaani 240 kwa kila timu. Warriors: 31, 40, 48, 48, 34, 14, 14, 8 na 3. Jumla 240 kamili. Mitupo ya Warriors wote: 63 iliyoingia mara 2 ni 126, ongeza mitupo huru 43, unapata 169. Knicks: 57 mara 2 ni 114, ongeza 33, unapata 147. Kwa karatasi iliyojazwa kwa mkono huku uwanja mzima ukipiga kelele, hapo hakuna wa kulaumiwa. Jedwali lolote la zamani lisilopita mtihani huu, hata la gazeti, liwekeeni alama ya kuuliza.

Baada ya hapo angalia mistari ambayo haisomwi. Al Attles wa Warriors: mitupo 8 kati ya 8, na mtupo huru 1 kati ya 1. Hakukosa kitu usiku kucha, lakini nani anamkumbuka? Mwenzake Guy Rodgers ana asisti 20. Alijaribu mitupo ya kawaida 4 tu, ila mitupo huru 12. Tofauti hiyo ni alama ya mwisho wa mchezo, Knicks walipokuwa wakiwafanyia faulo wengine makusudi ili mpira usimfikie Chamberlain. Darrall Imhoff, senta wa Knicks, alidumu dakika 20 na kutoka kwa faulo 6. Na Joe Ruklick wa Warriors, pointi 0, asisti 1: hiyo moja ndiyo pasi ya kikapu cha pointi ya 100.

Sasa upungufu. Safu za kupokonya mpira na bloku (kuzuia mtupo) ziko tupu, kwa sababu NBA ilianza kuzihesabu msimu wa 1973-74, sawa na mgawanyo wa ribaundi za kushambulia na za kulinda. Kupoteza mpira kulianza kuhesabiwa 1977-78, na mtupo wa pointi 3 ukaingia 1979-80. Tupu si sifuri. Chamberlain alizuia mipira mingi maishani, hakuna aliyeiandika. Ukijaza sifuri kwenye nafasi hizo, wastani wowote utakaoutoa ni uongo.

Kwa sababu hiyohiyo kasi ya mchezo (timu ilimiliki mpira mara ngapi) haikokotoleki ipasavyo, ila FGA inakupa picha: Warriors walitupa mara 115, Knicks 118. Timu za sasa hutupa karibu 90. Anayelinganisha pointi 100 na za mchezaji wa leo bila kutaja namba hiyo anapoteza muda wa watu. Ufanisi, kwa bahati nzuri, unawezekana: jumlisha FGA na 0.44 ya FTA, zidisha jumla hiyo kwa 2, kisha gawanya pointi kwa jibu. Kwa Chamberlain ni 100 kwa 154.16, yaani asilimia 64.9. Hata kwa vipimo vya leo ni usiku mzuri sana.

Pointi zake kwa robo (23, 18, 28, 31) hazimo kwenye mstari wake. Zitafute kwenye kumbukumbu nyingine za mchezo huo.

Kuhamisha data ni rahisi: juu ya jedwali fungua "Share & Export", chagua CSV (maandishi yenye namba zilizotenganishwa kwa koma), nakili. Futa mstari wa "Team Totals" kabla ya kujumlisha, la sivyo Warriors watakuwa na pointi 338. Ukichukua namba kutoka jedwali la gazeti lenye mtindo wa 7-12, Excel itakugeuzia mitupo ya Tom Meschery wa Warriors (7 kati ya 12) kuwa tarehe; weka safu hiyo kuwa maandishi kwanza, ndipo ubandike.

Kwenye simu, jedwali ni pana kuliko kioo. Geuza simu ilale. Stathead, huduma yao ya kulipia, haina faida kwa mchezo mmoja. Ilipie ukitaka kuuliza maswali ya aina ya "nani wengine walifikisha pointi 60 na ribaundi 20", na hata hapo kumbuka kwamba mchezo wa zamani wenye safu tupu hauwezi kujitokeza kwenye utafutaji unaoitaja safu hiyo. Nyota 4 kati ya 5.