Mfalme Oedipus: Tanzia ya Mpelelezi Asiyejijua

Toleo dogo nililolisoma la Mfalme Oedipus, tanzia ambayo Sophocles aliitungia jukwaa la Athens katika karne ya 5 kabla ya Kristo, linamfaa yeyote anayetaka kuanza kuijua tamthilia ya Kigiriki, ila ningemshauri airuke dibaji mpaka atakapomaliza. Dibaji hiyo inamhukumu Oedipus kwa kiburi kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Kiburi anacho, sikatai. Lakini kinachosomeka katika tamthilia yenyewe ni jambo la ajabu zaidi, yaani akili kali inayochunguza kila kitu isipokuwa mwenye akili hiyo.

Mji wa Thebes, anaoutawala Oedipus, umekumbwa na tauni. Creon, shemeji yake, anarudi kutoka Delphi, penye hekalu la utabiri la mungu Apollo, na habari kwamba muuaji wa mfalme wa zamani, Laius, yumo nchini na ni lazima aondolewe, naye Oedipus anaapa kumsaka. Watazamaji wa kale walikijua kisa hiki, kwa hiyo Sophocles hakuwa na haja ya kumficha muuaji, ambaye ni Oedipus mwenyewe. Mvuto wote umo katika kumtazama mpelelezi akiwa na ushahidi mikononi bila kuutambua. Creon anataja wanyang'anyi wengi, na Oedipus, katika jibu lake la papo hapo, anauliza habari za mnyang'anyi mmoja. Mhariri analidokeza hilo katika tanbihi ya mistari miwili, ambayo kwangu ina thamani kuliko dibaji nzima.

Wengi humkumbuka zaidi Teiresias, mtabiri kipofu, anayedhihakiwa kwa upofu wake na kumjibu mfalme kwamba yeye ana macho lakini haoni ubaya alimozama, wala anapoishi, wala anaoishi nao. Ni onyesho kali, ingawa ulinganisho wake uko wazi mno. Uzito zaidi naukuta pale Oedipus anapomsimulia mkewe Jocasta, mjane wa Laius, maisha yake. Huko Korintho mlevi mmoja karamuni alimwambia kwamba yeye si mtoto halisi wa Polybus, mfalme wa huko aliyemlea. Akaenda Delphi kuuliza juu ya wazazi wake, na Apollo, bila kumjibu alichouliza, akamwambia kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akaikimbia Korintho kana kwamba swali lake lilikwisha kujibiwa, na njiani, panapokutana barabara tatu, akamuua mzee aliyekuwa garini. Haya yote anayasema kwa kinywa chake, kwa ufasaha, na bado anatumaini kwamba mtumishi wa Laius aliyenusurika siku ya mauaji atathibitisha kuwa wauaji walikuwa wengi.

Kilele, kwa maoni yangu, si pale anapojua, bali muda mfupi kabla. Mjumbe kutoka Korintho anapoeleza jinsi alivyopokea mtoto mchanga aliyetobolewa vifundo vya miguu, Jocasta anaelewa mara moja kwamba huyo ni mwanawe mwenyewe na kumsihi mumewe aache kuuliza. Yeye anadhani mkewe anaona haya kwamba huenda ameolewa na mtoto wa mtumwa, kisha anajiita mwana wa Bahati kwa furaha. Kwaya nayo inaimba kwa shangwe, ikikisia ni mungu gani aliyemzaa. Mzaha wa kikatili kuliko huu siukumbuki katika tamthilia nyingine yoyote.

Tafsiri ni nyepesi katika majibizano na nzito katika nyimbo za kwaya, ambazo mfasiri amezigeuza kuwa nathari iliyopoa. Anarudi kwenye nguvu zake pale mtumishi anaposimulia jinsi Oedipus alivyojitoboa macho kwa bizimu za vazi la Jocasta. Tukio hilo halionyeshwi jukwaani, nasi twalisikia tu, kisha mfalme anatoka nje. Hapo haombi kusamehewa. Anaeleza kwamba hakujua angewatazama baba na mama kwa macho gani huko kuzimu.

Upungufu mkubwa wa toleo hili ni kukosa Oedipus huko Colonus, iliyochezwa mwaka 401 kabla ya Kristo baada ya Sophocles kufariki, ambamo mzee huyo kipofu anajitetea kwamba alitenda bila kujua. Atakayetaka kumsikia akijitetea hivyo itambidi anunue kitabu cha pili.