Mwaka wangu na kamusi ya mtumba

Nafanya kazi kwa wakala wa forodha hapa Malaba, upande wa Uganda. Kutwa nzima ni Kiswahili: madereva wa trela kutoka Mombasa, tandiboi wao, wabadilisha pesa. Ila barua pepe za bosi wa Kampala huja kwa Kiingereza, na hapo ndipo nilipoumbuka. Trela la saruji lilichelewa, nikatuma maelezo marefu ya dereva. Bosi akajibu: "This explanation does not hold water." Nami, bila wasiwasi wowote, nikamhakikishia kwamba mzigo haujaingia maji, turubai nimelikagua mwenyewe.

Kampala walicheka wiki nzima.

Nilianza na programu ya simu, jina nalihifadhi. Yenyewe hutafsiri neno moja moja, basi. "Hold water" ikanipa "shika maji". Ahsante sana! Halafu matangazo yake yalikuwa yanakula bando kuliko masomo.

Ndipo nikanunua Longman Dictionary of Contemporary English kwa muuza vitabu vya mtumba Tororo, shilingi 30,000 baada ya kuvutana sana. Kamusi hii ilitoka mara ya kwanza mwaka 1978, na maana zake huelezwa kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza yapatayo 2,000. Faida yake unaiona mara moja: husomi maana kisha ukaanza tena kutafuta maana ya hiyo maana. Toleo langu lina pia maneno yaliyochapwa kwa rangi nyekundu, yale yanayotumika mno. Ukiona S1, ujue neno limo katika 1,000 yanayosikika zaidi kwenye mazungumzo; W1 ni hivyo hivyo kwa maandishi. Mtu wa barua pepe kama mimi alianza na W1.

Misemo inataka subira. Nilipekua "water" kwanza, kisha "hold", ndipo nikaelewa kwamba kinachoshika au kisichoshika maji ni hoja, wala si trela. Nikacheka peke yangu, maana sisi wenyewe tunasema maelezo hayana mashiko, na mashiko si yametoka kwenye kushika? Tangu hapo kila msemo naupekulia ndugu yake wa Kiswahili kabla sijauandika kwenye kaunta buku.

Maana siinakili. Nanakili mfano, halafu chini yake natunga wangu wa forodhani: "They put off the inspection until Monday," yaani waliahirisha ukaguzi hadi Jumatatu. Ukitunga kuhusu mzigo uliokukosesha usingizi, "put off" haikutoki kichwani. Sentensi tatu kwa siku zinanitosha. Nilijaribu kumi nikachoka siku ya nne.

Kiingereza cha huku nacho kina mambo yake. Kwenye teksi ya Tororo, ile ya kubeba watu kumi na wanne, konda alinikazia macho: "Extend!" Kamusi inasema ni kurefusha, kuongeza muda. Konda alitaka nisogee. Na rafiki wa Kampala akisema "You are lost", usimwelekeze ulipo, anamaanisha umepotea sana, hamjaonana siku nyingi. Maneno ya aina hiyo niliyatengea ukurasa wa mwisho wa kaunta buku. Umejaa, sasa naandikia kwenye jalada.