Mtindi mtamu, stika ya bei imenitia hasira

Mtindi wenyewe mtamu, niseme kabisa. Shida ni stika.

Natumia atorvastatini, dawa ya kushusha kolesteroli, kidonge kimoja kila usiku, tangu vipimo vya mafuta kwenye damu viliporudi na majibu ya kunitoa jasho. Mfamasia alinieleza vizuri: maziwa hayana ugomvi na dawa hii, kula mtindi wako, ila angalia sukari na malai, na balungi kaa nalo mbali. Balungi linazuia kimeng'enya cha utumboni ambacho kazi yake ni kuivunja dawa, basi dawa inaingia kwenye damu kwa wingi kuliko ulivyoandikiwa, misuli ikaanza kuuma. Kipande kimoja cha bahati mbaya si neno, alisema, mradi lisiwe la kila siku. Sasa mimi mtindi ndio wa kila siku.

Wiki kadhaa zilizopita nikaingia duka kubwa moja maeneo ya Mwenge. Nikachukua kopo la nusu kilo. Mbele limeandikwa MAFUTA 0%, herufi za kusomeka toka barabarani, na chini yake "matunda mchanganyiko". Matunda gani? Nikageuza. Stika ya bei imekaa juu ya viambato, barabara kabisa. La pili hivyo hivyo. La tatu hivyo hivyo. Kopo lote lile wamekosa pengine pa kubandika!

Nikaanza kubandua kwa ukucha, taratibu. Nimefika "maziwa, suk..." nasikia nyuma yangu: "Mama! Unabandua bei?"

Nikamwambia, "Mwanangu, nasoma tu. Kuna dawa natumia."

"Kama unaumwa, mama, nenda famasi. Hapa tunauza vyakula."

Mbele ya watu. Mlinzi naye akasogea, utadhani nimeficha kuku ndani ya kanga. Samahani hakuna, shikamoo ndiyo kabisa.

Nikalinunua (ndiyo, nililinunua, hasira zangu ndivyo zilivyo). Nyumbani nikaliloweka kwenye maji ya vuguvugu mpaka stika ikaachia. Balungi halimo: ni nanasi, embe na pasheni. Lakini sukari imeandikwa mara tu baada ya maziwa, na jumla yake ni gramu 14 kwa kila gramu 100. Maziwa yana sukari yake ya asili, gramu 4 au 5 hivi, hiyo siilaumu. Iliyobaki wameimwaga wao na matunda yao. Mafuta wametoa, wakaweka chai ya msibani. Na sukari ikizidi inapandisha trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, ambazo nazo zipo kwenye karatasi yangu ya vipimo.

Nilipanga kuwapa sifuri. Halafu nikaonja kijiko kimoja. Kopo halikufika taarifa ya habari ya saa mbili. Kwa hiyo siwezi kudanganya: kama huna vidonge kama vyangu, nunua, utafurahi. Nyota tatu basi. Mbili. Yule kijana simpi hata nusu.

Siku hizi nanunua kwa jirani mwenye ng'ombe wawili, anaengua malai mbele ya macho yangu. Mchachu mpaka jicho linafumba.

Juzi nikapita tena pale dukani, kuchungulia tu. Stika wameihamisha. Sasa imeziba tarehe ya kuisha muda.