Kadude cha kuchunga betri ya gari: nimekaa nako miezi miwili, haya ndiyo niliyoyaona

Wadau, karibuni tena. Leo niko nje hapa nyumbani, bonneti iko wazi, na hii ndiyo Toyota IST yangu mnayoijua. Tunaongelea haka kadude. Sogeza kamera kidogo... eeh, hapo. Ukubwa wa kiberiti, waya mbili, nyekundu chanya, nyeusi hasi. Unalegeza vichwa vya betri kwa spana namba 10, unabana, basi. Kanasoma volti muda wote na kutuma kwenye simu kwa Bluetooth. Nimekanunua Kariakoo kwa hela yangu, hakuna aliyenilipa, kwa hiyo leo ninasema ninavyojisikia.

Mkasa wangu ulikuwa Jumatatu. Gari nalipaki Ijumaa jioni, Jumatatu alfajiri nazungusha ufunguo: tka-tka-tka. Na hii ni auto, huwezi kuita vijana wakusukumie ikawaka. Ni kumgongea jirani mlango na waya za kubusti mkononi, na jirani naye ana uvumilivu wake. Fundi akaniambia betri imekufa. Nikanunua mpya. Jumatatu iliyofuata: tka-tka-tka.

Ndipo nikakafunga haka. Nikakaseti kapige kelele betri ikishuka chini ya volti 12.1. Jumapili saa tano usiku simu ikalia kitandani. Mke wangu anauliza nani anapiga saa hizi, namwambia gari.

Lakini mimi sikusifii kengele. Kengele inakwambia umeshachelewa. Thamani ya hiki kitu iko kwenye mchoro wa volti. Tazama kioo cha simu hapa. Ukizima gari utaona 12.9 hivi, halafu inashuka masaa machache mpaka 12.6. Usishtuke, hiyo ni chaji ya juujuu inatulia tu. Betri nzima ingebaki hapo hapo, mstari umelala kama mkeka. Sasa ona wangu: Jumamosi jioni 12.4, Jumapili jioni 12.1, mteremko hausimami usiku wala mchana. Na asubuhi injini ikiwaka inapanda mpaka 14.2, maana yake alteneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haina kosa. Betri mpya, alteneta nzima, mstari unateremka. Kuna kitu kinakunywa umeme wakati mimi nimelala.

Nani? Hapo kadude kanaishia, kenyewe hakajui. Inabidi uchukue multimita, yaani kipima umeme, uiweke kwenye ampia 10, utoe waya wa hasi wa betri na uweke mita katikati ya waya huo na betri, umeme upite ndani yake. Funga milango, usiguse kitu dakika 20 au 30 vifaa vyote vilale. Kwa kawaida unatakiwa uone chini ya ampia 0.05. Mimi nilisoma 0.52. Piga hesabu: nusu ampia kwa saa 60, Ijumaa mpaka Jumatatu, ni kama ampia-saa 30. Betri yangu ni saizi ya NS60, ikijaa ina ampia-saa 45. Itabaki na nini cha kuzungushia stata?

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja huku naangalia mita. Nilimshuku sana GPS ya kuzuia wizi, nikamsingizia bure. Nilipochomoa ya redio, 0.52 ikawa 0.03.

Njoo uone nyuma ya redio. Waya wa njano ni wa umeme wa kudumu, kazi yake kutunza saa na stesheni. Mwekundu ndio unatakiwa ufuate ufunguo. Aliyenifungia redio aliisokota yote miwili pamoja, akapiga selotepu. Ukizima kwa kitufe kioo kinakuwa cheusi, unadhani imelala, kumbe iko macho. Nimetenganisha, nikampeleka mwekundu kwenye waya wa ufunguo. Dakika 15.

Kasoro zake zipo. Bluetooth haifiki mbali. Mimi gari liko dirishani kwangu. Wewe wa ghorofa ya tatu, au uliyeacha gari ukapanda basi kwenda Dodoma, hutasikia kitu mpaka urudi. Programu yake ina Kiingereza cha ajabu. Na kama umepaki mwezi mzima, hakakusaidii kuliko kufungua waya wa hasi na kuondoka zako. Kwa mwenye gari la kila siku linalomsumbua asubuhi, nunua. Kangenifikia mapema, ile betri ya kwanza nisingeiacha kwa fundi.

Mita bado iko kwenye waya, inasoma 0.03, mnaiona. Ngoja niitoe kwanza, maana ukipiga stata ikiwa hapa unaunguza fyuzi ya mita, na mimi nimeshaunguza mbili.